Mawe ndani ya jagi: miaka yangu na maji magumu ya Tanga

Nililelewa Lushoto, kwenye maji ya mito na chemchemi za Usambara. Kipande cha sabuni ya mche kilitutosha wiki nzima. Maharage ukiyainjika saa kumi, magharibi yameshalainika. Sikujua kwamba nyuma ya hayo yote palikuwa na maji. Kwangu maji yalikuwa maji tu.

Nikaolewa Tanga. Tulipanga nyumba nje kidogo ya mji, yenye kisima chake na tangi juu ya mnara. Siku ya kwanza kufua, nilisugua sabuni mpaka vidole vikauma na povu halikuja. Juu ya beseni ulielea utando wa kijivu, vipande vipande, kama maziwa yaliyokatika. Wiki hiyo hiyo nikapika makande. Yalikaa jikoni tangu asubuhi, mkaa ukaisha nikaongeza, na adhuhuri maharage bado yalikuwa yanateleza kwenye meno. Wifi yangu alipita, akaonja moja, akaniambia, "Haya ni maji ya kisima, dada. Tia magadi kidogo." Nikatia, yakaiva. Sikumuuliza kwa nini, na kutouliza huko kulinigharimu miaka miwili.

Kwani baada ya miezi mitatu nyumba ilianza kubadilika rangi. Koki ya bafuni ilivaa ukoko mweupe shingoni. Kioo kikawa na ukungu usiofutika. Bilauri za wageni, zile nilizopewa siku ya harusi, zikapauka kana kwamba zimepanguswa na unga. Ndani ya choo ukachoreka mstari wa manjano pale maji yanaposimama. Shawa ikaanza kurusha maji pembeni, nusu ya matundu yake yakiwa yameziba. Na jagi la umeme la kuchemshia maji likawa linanguruma muda mrefu kabla ya kuchemka, mpaka siku moja likanyamaza moja kwa moja. Nilipolifungua ndani niliona gamba nene, jeupe, lililokatika kama ganda la yai.

Kilichoniuma zaidi ni kwamba nilikuwa nasafisha. Kila siku nasugua, na bado mgeni akiingia bafuni kwetu angesema huyu mke ni mchafu.

Nilifanya kile ambacho wengi tunakifanya: nikaongeza nguvu. Stili waya kwenye koki, brashi ngumu kwenye vigae, sabuni ya unga kwa wingi. Koki ilipata mikwaruzo midogo midogo, na nikaja kugundua kwamba ukoko ulirudi upesi zaidi kuliko mwanzo, maana sasa ulikuwa na pa kushika. Kisha mwenye nyumba akamleta fundi wake na chupa ya asidi, ile inayouzwa kwenye maduka ya vifaa vya ujenzi. Alimwaga, ukatoka moshi, sote tukakohoa. Nilimbeba mtoto kitandani alikokuwa amelala nikakimbilia uani. Ni kweli vigae viling'aa. Lakini saruji iliyo kati ya kigae na kigae ilikuwa imeliwa, ukipitisha kucha inaingia, na baada ya wiki chache maji yakaanza kupenya ukutani. Koki ikavuliwa ule ufedha wake, ikabaki shaba ya manjano. Tangu siku hiyo chupa ile haijaingia tena nyumbani kwangu.

Jambo lililonifungua macho halikutoka jikoni. Ndugu zangu wa Lushoto walikuja kututembelea tukawapeleka Mapango ya Amboni, kilomita 8 hivi kaskazini mwa mji. Ndani ni giza, joto, popo. Mtembezaji alimulika tochi kwenye dari tukaona mawe yananing'inia kama vidole, na kwenye ncha ya kidole kimoja tone la maji limetulia. Akasema jiwe lile limetengenezwa na matone kama lile. Tone linafika, linaacha chembe ya chokaa, linadondoka. Wenzangu walikuwa wanapiga picha. Mimi nilikuwa nawaza koki ya bafuni kwangu, ambayo nayo inavuja tone moja moja.

Nilipochunguza zaidi nikaelewa. Mvua inaposhuka hukusanya hewa ya kaboni dayoksaidi, ambayo nyingine huipata ardhini, na maji yakawa na uchachu hafifu sana. Uchachu huo unatosha kuyeyusha mawe ya chokaa. Tanga imekalia mawe hayo, ndiyo maana kuna mapango, ndiyo maana kuna viwanda vya saruji. Maji ya kisima yanapofika kwangu yamebeba kalsiamu na magnesiamu zisizoonekana. Ukiyachemsha, au yakikaukia kwenye kigae, ile hewa inatoka na chokaa inarudi kuwa jiwe. Usambara mawe ni magumu ya kale, hayayeyuki ovyo, kwa hiyo maji yetu ya kule hayana cha kubeba. Wataalamu huyaita maji laini yakiwa chini ya miligramu 60 za chokaa kwa lita, na yakivuka 180 huitwa magumu sana. Kuyanywa hakuna madhara, na Shirika la Afya Duniani halijayawekea kikomo cha kiafya. Tatizo lake ni vyombo, sabuni na mkaa.

Kwa hiyo doa nililokuwa nalisugua halikuwa uchafu. Lilikuwa jiwe. Na jiwe husugui kwa povu.

Dawa yake niliionyeshwa na mama mkwe, bila yeye kujua kwamba ananifundisha jambo hilo. Ana sinia la shaba alilorithi kwa mama yake. Kila Idi ikikaribia hukaa nalo barazani, hulipaka ukwaju uliolowekwa, huliacha, huendelea na mazungumzo yake, kisha hulisuuza. Hana haraka na wala hasugui kwa nguvu. Nikamuuliza, "Mama, kwa nini usisugue likaisha?" Akanijibu, "Mwanangu, ukwaju ndio unaofanya kazi. Mimi namsubiri tu."

Uchachu wa mvua ndio ulioyeyusha jiwe ardhini, na uchachu wa ukwaju, ndimu au siki ndio unaoliyeyusha tena nyumbani. Ukidondoshea ndimu kwenye ukoko wa kweli wa chokaa utaona vipovu vidogo vinapanda, ndiyo ile hewa inatoka. Binti yangu nilimwonyesha kwa ganda la yai kwenye kikombe cha siki. Alikaa nalo mezani mpaka akasahau kula.

Hivyo kwanza napima. Nikiona weupe, nautia maji matupu. Ukiondoka wenyewe, ni chumvi ya kawaida, maana visima vya karibu na bahari vina chumvi pia na sisi tunaviita vyote "maji ya chumvi" bila kutofautisha. Usipoondoka, naudondoshea ndimu. Ukitoa vipovu, ni chokaa, na hapo najua kazi yangu. Doa la kahawia au la rangi ya matofali ni kutu, lina dawa yake nitakayoitaja.

Jagi ndilo rahisi kuliko vyote. Nakamua ndimu nne au tano, natia na maganda yake, najaza maji hadi gamba lifunikwe, nachemsha, nazima, naacha lipoe lenyewe kama saa moja. Ukimwaga utaona vipande vimeanguka chini kama magamba ya samaki. Kama gamba ni nene narudia mara ya pili, kisha nachemsha maji matupu mara moja na kuyamwaga. Nafanya hivyo kila baada ya wiki mbili, na jagi nililonunua baada ya lile la kwanza kufa ninalo mpaka leo. Usitumie siki kwenye jagi ukiwa umefunga dirisha, mvuke wake unachoma macho.

Shawa inataka usiku mmoja. Kama inafunguka, ifungue uitumbukize kwenye siki. Yangu ilikuwa imegandana na bomba kwa chokaa, haikuzunguka, kwa hiyo nilichukua mfuko wa mkate, nikatia siki nusu, nikauvalisha shawa hadi matundu yote yakazama, nikaufunga shingoni kwa ukanda wa mpira wa baiskeli. Ukisogeza sikio unasikia mchemko mdogo, kama soda iliyofunguliwa sasa hivi. Asubuhi niliutoa mfuko, nikapitisha mswaki wa zamani juu ya matundu, vile vichokaa vikatoka laini kama jibini. Nilipofungua maji, yalishuka sawasawa kama mvua kwa mara ya kwanza baada ya mwaka mzima. Mume wangu alidhani nimenunua shawa mpya.

Kwenye koki siwezi kuning'iniza mfuko kila mahali, kwa hiyo nalowesha kitambaa cha pamba kwenye siki nakizungushia shingoni. Hapa muda ni muhimu. Nusu saa inatosha, kisha nasuuza vizuri. Ule ufedha wa juu ni utando mwembamba sana, ukiuacha kwenye uchachu usiku kucha nao utaathirika. Afadhali kurudia nusu saa mara tatu kwa siku tatu. Koki za rangi ya dhahabu siziwekei uchachu kabisa, nazipangusa tu.

Choo: siri ni kuondoa maji kwanza. Siki ukiimwaga juu ya maji yaliyosimama unaizimua bure. Nayasukuma maji kwa brashi mpaka yashuke, natandika karatasi ya chooni juu ya ule mstari, nazilowesha kwa siki ili zishike pale pale, nalala. Asubuhi nasugua kidogo. Mstari wa miaka ulinichukua usiku nne.

Bilauri nilizitumbukiza kwenye beseni la siki na maji ya vuguvugu. Nyingi zilirudi kung'aa. Mbili hazikurudi, na nilipozipitisha ukucha nikahisi glasi yenyewe imekwaruzwa, si chokaa tena bali ni stili waya yangu ya zamani. Hizo hazina dawa.

Sufuria za alumini ziangaliwe kwa namna yake. Weusi unaobaki ndani baada ya kuchemshia maji unaondoka kwa kuchemsha maganda ya ndimu au ukwaju dakika kumi. Lakini mwaga mara moja. Uchachu ukilala ndani ya alumini unakula sufuria.

Sasa nieleze kosa langu, kwa sababu nataka mwingine asilifanye. Nilipoona siki inafanya maajabu nikaanza kuiamini kupita kiasi. Mama mkwe alikuwa safarini Pangani kwa mazishi, nami nikaenda kumsafishia nyumba arudi aikute inang'aa. Ukumbini kwake kuna sakafu ya terazo, ya zamani, ile yenye vipande vya mawe ya rangi vilivyomwagwa kwenye saruji na kusuguliwa hadi ikawa kama kioo. Karibu na mtungi wa maji palikuwa na duara jeupe la matone ya miaka mingi. Nikamwaga siki, nikafunika na kitambaa, nikaenda kuosha vyombo.

Niliporudi kilikuwa kinatoa vipovu, nikafurahi. Nikapangusa. Duara jeupe lilikuwa limekwenda, na mahali pake palikuwa na duara lingine, kubwa kama sinia, lisilo na mng'ao kabisa, likikwaruza ukilipitisha kiganja. Siki haikujua ni chokaa gani ya doa na ni chokaa gani ya sakafu. Vile vipande vya mawe ni chokaa, saruji ina chokaa, na vyote vilikuwa vimeliwa pamoja.

Nilikaa chini pale pale nikalia. Aliporudi nilimwambia kabla hajaingia ndani. Alitazama muda mrefu. Sakafu ile aliitia marehemu baba mkwe, kwa mikono yake, na mafundi wawili. Akasema, "Basi, imeshatokea." Hakunisema tena wala hakumwambia mtu.

Hapa pana mtego wa lugha pia. Madukani vigae vyote tunaviita marumaru. Ukisoma mahali au ukiambiwa "usitumie siki kwenye marumaru" unaweza kudhani ni tailizi zako za bafuni, au kinyume chake, ukaambiwa siki ni salama kwa marumaru ukaimwaga kwenye jiwe halisi. Vigae vya udongo uliochomwa, vyenye ngozi ya kioo juu, havidhuriki na ndimu wala siki ikiwa utasuuza. Marumaru ya kweli, ile iliyochongwa mlimani, inaliwa. Terazo inaliwa. Sakafu ya saruji iliyopigwa niru inaliwa. Hata saruji kati ya vigae inaliwa polepole, kwa hiyo nailowesha maji kwanza ili isinywe siki, na sikawii kusuuza. Ukiwa na shaka, jaribu tone moja kwenye kona iliyo nyuma ya mlango. Likitoa vipovu, rudisha chupa kabatini.

Nimeona pia watu wakichanganya siki na soda ya unga ya kuokea, lile povu kubwa linafurahisha macho. Povu hilo ni vitu viwili vinauana. Kinachobaki ni maji yenye chumvi chumvi yasiyoweza chokaa. Soda ya unga nzuri peke yake, kwa mafuta na harufu, kama ambavyo majivu na magadi vinavyong'oa mafuta ya sufuria. Chokaa inataka uchachu, mafuta yanataka magadi, ukivichanganya umepoteza vyote.

Na hili nalisema kwa uzito wote: siki au ndimu isikutane kamwe na dawa ya kung'arishia nguo nyeupe, ile tunayoiita jiki. Hutoka hewa ya klorini, nayo inaumiza mapafu. Hatari haiko kwenye kuchanganya kwa makusudi tu. Ni pale umemwaga jiki chooni jioni, ukasahau, ukaja na siki usiku. Mimi nimepanga siku zangu: jiki Jumatatu, siki Alhamisi, na katikati choo kimesuuzwa mara nyingi.

Kutu niliahidi kuitaja. Mbirimbi. Sisi wa milimani hatukuwa nazo, lakini huku pwani ziko uani kwa watu, nyingi zinaanguka na kuoza baada ya watu kushiba achari. Uchachu wake ni wa aina nyingine, unashika kutu kuliko ndimu. Zikate katikati, sugua upande uliokatwa kwenye doa la kahawia la sinki, acha robo saa, suuza. Alama ya kutu ya hanga kwenye shati jeupe la shule nayo ilitoka hivyo hivyo, kwa mbirimbi na chumvi kidogo, juani. Mikono yako ikiwa na michubuko vaa glavu, inawasha.

Baada ya yote hayo, kazi kubwa ninayoifanya siku hizi ni ya dakika moja. Nyuma ya mlango wa bafuni nimetundika kitambaa na kile kipangusio cha mpira cha kioo cha gari. Anayeoga wa mwisho anapangusa ukuta na koki. Maji yasipokaukia pale hayaachi jiwe. Watoto wamezoea, mume wangu naendelea kumkumbusha.

Na nakinga mvua. Tulitia mifereji ya bati kwenye paa na pipa la lita 200. Mvua ya kwanza ya masika naiacha ioshe paa na vumbi lake, kisha naelekeza maji pipani. Ni maji laini, hayajapita kwenye jiwe lolote. Hayo ndiyo ya jagi, ya kufulia sare za shule, na ya maharage. Pipa likikauka narudi kwenye kisima na magadi, na sasa najua kwa nini wifi aliniambia vile: magadi yanaikamata kalsiamu, haiendi tena kukaza ngozi ya maharage.

Duara la ukumbini bado lipo. Fundi wa terazo alisema linaweza kusuguliwa upya kwa mashine, lakini itabidi asugue ukumbi mzima ili rangi zilingane, na mama mkwe hataki. Ametandika mkeka juu yake. Idi iliyopita nilimkuta amekaa hapo hapo na sinia lake la shaba na bakuli la ukwaju. Chini ya sinia alikuwa ametandika gunia nene, limekunjwa mara mbili, ili ukwaju usidondokee sakafu.